Nimtoe au nimwache? Naombeni ushauri kabla zamu haijaisha

Zamu_ya_Usiku: Wakuu poleni na majukumu. Nafanya kazi hosteli ya watu wasio na makazi, jana usiku mkazi mmoja kanizaba kibao, mtu mzima sawa na baba yangu. Sheria inasema ukimpiga mtumishi unatoka. Sasa huyu kalala nje miaka 9, nikimtoa anarudi kulekule. Nifanyeje, sijalala.

Mama Subira: Mzee wa rika la baba yako umtoe nje? Mwanangu, laana haitafutwi hivyo.

Fundi_Mnyamavu: Kaka yangu alilala stendi, kila alikoomba wanamwambia acha kwanza pombe ndo tukupe chumba, kafa hajaacha na chumba hajapata. Kumbe New York 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alishaanza kuwapa watu nyumba kwanza, mengine baadaye. Inaniuma mpaka leo.

Babu_Kijiweni: Kibao kimoja tu? Mjukuu wangu kanipiga viwili leo na bado anakula kwangu.

Nesi_K: Zamu, kabla ya kibao ilikuwaje?

Zamu_ya_Usiku: Sioni inahusiana vipi. Haya, niliingia kukagua, sikugonga, nikamshika bega. Analala na viatu, mkate kauweka chini ya mto. Ila ukaguzi ndo kazi yangu, na barua ya kumtoa nishaandika, bado saini tu.

Nesi_K: Ungeanza na hilo! Mtu aliyelala nje miaka yote hiyo, ukimshika gizani, mkono wake unaamka kabla yake. Uingereza 2010 Robin Johnson na Rex Haigh walikuja na wazo la mazingira yanayozingatia saikolojia, yaani kabla ya adhabu mnajiuliza hii tabia inamkinga na nini, na watumishi nao wanakaa pamoja kuyaongea yaliyowapata, maana na wewe uliogopa.

Mpekuzi: Chai hii. Mwezi jana huyu alisema ni mlinzi wa ghala.

Zamu_ya_Usiku: Nilikuwa mlinzi kweli, hapa nina wiki ya tatu. Ghalani ukimkuta mtu kalala unamshika kwanza ndo unauliza.

Mpekuzi: Tuone barua basi.

Mama Subira: Mwache mtoto aongee.

Zamu_ya_Usiku: Ninayo mfukoni. Nipo koridoni, kawasha taa sasa hivi. Nikigonga niseme nini?

Nesi_K: Taja jina lako. Halafu baki hapohapo nje, afungue mwenyewe.