Dunia ikiacha mafuta, hawa wazoa mafuta baharini watakula wapi?

Kipepeo77: Wakuu nauliza kwa nia njema. Kuna watu wanalipwa wakae wakisubiri meli ipasuke wakasafishe bahari. Sasa magari ya umeme ndo hayo yanazidi, mafuta yanaaga. Hii kazi si inakufa? Mi naona inakufa na wala si hasara, kutandaza yale maboya marefu ya kuzuia mafuta na kuchota mchanga hata ambaye hajasoma anaweza.

SaaNaneUsiku: Hapo mwisho umenikera. Lile boya mkondo ukizidi kilometa moja na kitu kwa saa, yaani mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, mafuta yanapita chini yake wewe umekaa juu unajipongeza. Lazima ulilaze mshazari. Mawimbi nayo yakiyapiga, mafuta yanakunywa maji, yanakuwa uji wa kahawia mzito, pipa moja linageuka matatu manne na pampu inakaba. Nimewahi kuwa ufukweni siku nne, ovaroli nyeupe, glavu zimefungwa kwa utepe wa gundi mkononi, msimamizi anatufokea "kwangua juu tu, usichimbe!" maana kila ndoo ya mchanga unayozidisha ni taka mtu ataitafutia pa kuitupa. Njoo na elimu yako ujaribu.

Mjukuu_wa_Bahari: Punguza jazba bro. Morisi 2020 ile meli ya mafuta Wakashio ilivyopasuka wananchi walishona wenyewe vizuizi vya majani ya miwa, watu wakanyoa nywele wakachangia. Wataalamu walikuwa wapi?

Tufani: Haikuwa meli ya mafuta! Ya mizigo ile, na haikuwa na shehena. Zile tani kama 1,000 zilikuwa mafuta ya injini yake. Ndo maana huu uzi hauna kichwa, mnadhani mafuta yanamwagwa na matanka, yaani meli za kubeba mafuta, peke yake.

Mjukuu_wa_Bahari: Haya ya mizigo. Nywele zilifanya kazi au hazikufanya?

Dada_Tausi: Nywele zinashika mafuta kweli, ukiosha kichwa si unaona. Shida zikilowa maji zinazama, halafu nani anaenda kuziokota?

BabaMapacha: Mi nina kipara, mnisamehe kwenye mchango.

Dada_Tausi: Ndevu je?

Tufani: Tunaweza kurudi kwenye mada? Miaka ya 1970 matanka yalikuwa yanamwaga wastani wa mara 79 kwa mwaka, hapo nahesabu kuanzia tani 7 kwenda juu. Miaka ya 2010 zikabaki kama 6. Gari la umeme halihusiki hapo. Sababu mojawapo ni Exxon Valdez, tanka lililomwaga mafuta Alaska 1989, Wamarekani wakatunga sheria mwaka uliofuata, matanka yakaanza kulazimishwa ngozi mbili, yaani kuta mbili za chuma. Kwa hiyo hiyo kazi ilishapungua zamani, ila haijafa.

BabaMapacha: Exxon Valdez ndo kubwa kuliko zote duniani nadhani

Tufani: Wala haikaribii. Atlantic Empress 1979, karibu na Tobago, tani 287,000. Valdez ni kama 37,000. Inajulikana kwa sababu ya picha za ndege waliopakaa.

Mwani: Mimi linaloniumiza kichwa ni mlipaji. Hivyo vikosi vya kusubiri vinaishi kwa ada za kampuni za mafuta. Kampuni zikiondoka, visima vya zamani vinabaki chini ya bahari na meli kuukuu zinazidi kuzeeka, ada anatoa nani? Ile Safer, meli ya kuhifadhia mafuta ya Yemen, mapipa zaidi ya milioni yalikuwa ndani huku inaoza, Umoja wa Mataifa ulizunguka na kofia kuomba michango mpaka kwa raia wa kawaida ndo 2023 yakahamishwa. Na meli zikianza kutumia amonia je? Ikimwagika haielei kama mafuta, inayeyuka majini na nyingine inapanda hewani kama sumu. Boya litazuia nini hapo?

Kipepeo77: SaaNane sikusema nyie wajinga, nilisema HAWAHITAJI shule sana, ni vitu viwili tofauti.

SaaNaneUsiku: Panda juu usome ulichoandika.

Kipepeo77: Nimesoma. Bado.

Mwani: Jamani, ada anatoa nani?

BabaMapacha: Swali la mwisho nikalale. Nywele za bandia ni plastiki, na yale matambara ya kunyonyea mafuta nayo nasikia ni plastiki. Sasa wigi la mke wangu nililete?

Dada_Tausi: Kamuulize kwanza yeye 😂