Pazia la ukumbi wa zamani limekaa upande, wiki tatu kabla ya onyesho

Binti_Upanga: Wakuu, naomba ushauri. Ukumbi wa maigizo wa siku nyingi, hapa Dar karibu na bahari. Pazia la pamba, kama kilo 60, linavutwa kwa kamba tatu za katani zinazopita kwenye kapi za mbao darini. Tangu masika ianze, upande wa mbali umepanda shubiri nzima. Fundi anasema boriti imepinda.

Kapi_Kuukuu: Boriti iache kwanza. Katani ikilowa hufura na kupungua urefu, na kamba ya upande wa mbali ndiyo ndefu, kwa hiyo ndiyo inayopungua zaidi. Mvua ikikata utaona pazia linarudi lenyewe. Sasa shusha pazia, tafuta sehemu inayokaa kwenye kapi pazia likiwa juu, uisokotoe kinyume mpaka nyuzi ziachane. Ukiona unga wa kahawia ndani, imeoza, hata kama nje inapendeza. Hapo badilisha zote tatu.

Binti_Upanga: Unga upo 😩 Niweke waya wa chuma?

Kapi_Kuukuu: Waya utakula kapi za mbao, halafu chumvi ya bahari itakula waya.

Mama_Jukwaa: Dada, chukua poliesta ya milimita 12, ila pima kwanza mfereji wa kapi. Nailoni inavutika, na ile ya plastiki ya bluu ikisuguana inayeyuka. Soma lebo: ikisema inakatika kwa kilo 2,000, wewe ibebeshe 200, basi. Kabla ya kufunga ining'inizie kiroba cha mchanga usiku kucha, la sivyo utarekebisha usawa kila siku. Na hilo pazia, lishawahi kufuliwa?

Binti_Upanga: Mwaka jana, kwa maji na sabuni.

Mama_Jukwaa: Basi kama lilikuwa na dawa ya kuzuia moto, imeondoka na maji. Exeter, Uingereza, mwaka 1887, taa ya gesi ilishika mapazia ya jukwaani, wakafa watu 186. Tengeneza dawa mpya: boraksi gramu 700, asidi ya boriki gramu 300, maji ya moto lita 10. Vaa glavu, nyunyiza mpaka kitambaa kilowe, kianikwe kikauke kabisa. Kwa pamba inafaa, kwa poliesta unapoteza hela. Kisha kata kipande kwenye pindo, kishikie moto wa kiberiti sekunde 12. Ukiuondoa, kizimike ndani ya sekunde mbili. Kikiendelea kuwaka, rudia dawa. Jaribio hilo lifanyie uani, si humo ndani.