MREJESHO: Rozimari yangu iliyokuwa inakauka, Mwanza

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka niliuliza kwa nini rozimari yangu (ule mmea wa kiungo) hapa Nyegezi inageuka kahawia kuanzia chini wakati naimwagilia asubuhi na jioni. Wengi mlisema kiu siyo tatizo, nainywesha mno. Nilibisha kidogo, naomba radhi.

Nilipoing'oa kwenye ndoo, mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, inanuka kama matope ya mwaloni. Ndoo yenyewe ilikuwa na tundu moja tu, limezibwa na udongo wa mfinyanzi. Mche mama haukupona, nimeutupa.

Ila yule aliyeshauri nikate vipandikizi kabla haujafa wote, Mungu akubariki. Nilikata vinane kwenye matawi yaliyobaki kijani, kama sentimita 10 kila kimoja, nikapukuchua majani ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga mtupu wenye unyevu, kivulini. Vitano vilioza. Vitatu vilitoa mizizi baada ya wiki sita hivi, na sasa viko kwenye ndoo zenye matundu mengi, udongo nusu kwa nusu na mchanga wa mawe (huo kwetu haununuliwi, milima yote ni mawe). Vinakaa juani kutwa. Namwagilia nikichomeka kidole na kukuta pakavu.

Ushauri wa kuongeza samadi sikuufuata. Wakati wa mvua za masika nasogeza ndoo chini ya bati.

Jana nimechuma kijitawi cha kwanza, nikakiweka kwenye sato wa kuchoma. Asanteni sana.