Mrejesho: torenti zilizokuwa zinasuasua na poti iliyogoma kufunguka

Wakuu, niliuliza kwa nini torenti za Linux (mafaili yanayopakuliwa vipande vipande kutoka kompyuta za watu wengine) kwenye programu ya qBittorrent zinasuasua wakati video zinacheza vizuri, na kwa nini poti (mlango ambao kompyuta za wengine hupitia kuifikia yangu) inasoma imefungwa ilhali nimeshaielekeza kwenye ruta. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyesema nilinganishe anwani za IP (namba za utambulisho mtandaoni) ndiye aliyelenga penyewe. Kwenye ruta, sehemu ya WAN (upande wa intaneti), anwani ilianza na 100.72, lakini tovuti za kuonyesha IP zilinipa nyingine kabisa. Anwani za 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zimetengwa ili kampuni za intaneti ziweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hapo hata ufungue poti zote za ruta, mlango wa nje anao mtoa huduma. Nimeomba IP ya umma, wamenipa kwa nyongeza ya malipo kila mwezi, na poti sasa inasoma wazi.

Ila kilichoongeza kasi zaidi ni kuweka kikomo cha kupakia (kutuma data kwa wengine), takriban asilimia 80 ya uwezo wa laini. Njia ya kupakia ikijaa, hata taarifa ndogo za kuthibitisha kwamba data imepokelewa zinakwama, na upakuaji unazorota. Hili ningeshauri kila mtu alianze, maana ni bure.

Pia kompyuta nimeipa anwani ya ndani ya kudumu, 192.168.1.50, isije ikabadilika ruta ikizimwa. Umeme ukikatika, poti inabaki imeelekezwa kwenye kompyuta ileile.