Tupeane uzoefu: gitaa la bluegrass kwa kutazama video za magwiji

MkonoWaKulia
Wakuu, wengi tunaoingia bluegrass (muziki wa nyuzi wa kiasili wa Marekani) kwa video tunaganda macho mkono wa kushoto. Vidole vinatembea kwenye freti (vile vyuma vya shingoni), unaona siri iko pale. Kazi yenyewe iko kulia. Kanuni: kwenye mdundo piki (kile kibapa cha kupigia nyuzi) inashuka, katikati ya midundo inapanda. Hata nota ikirukwa, mkono unapita hewani na zamu yake. Ukishusha mara mbili mfululizo kwa kuwa tu umehamia uzi mwingine, mwendo wa midundo 120 kwa dakika utakusamehe. Kwenye 200 mkono unakwama.

Mtazameni Doc Watson, mpiga gitaa wa Marekani, kwenye Rainbow Quest, kipindi cha televisheni cha mwimbaji Pete Seeger cha 1965–66. Miaka ya 1950 alipiga kwenye bendi ya dansi isiyo na mpiga fidla, akawa anazipiga nyimbo za fidla kwa gitaa. Fidla haiachi pa kupumulia, ndiyo maana mkono wake haulali. Nyie mnashauri mtu aanze na nani?

NyuziSita
Bryan Sutton, mpiga gitaa wa bluegrass. Chini-juu yake imenyooka, unaweza kuihesabu. Gwiji mwingine, Tony Rice, mwacheni kwanza: hafuati zamu hiyo kila mara, na ukimwiga mapema unabaki na mkono usio na utaratibu wowote. Clarence White naye anausogeza msisitizo nje ya mdundo. Asiyeushika mdundo atadhani jamaa amekosea.

Halafu kuna lile gitaa la Martin D-28 la 1935, lilikuwa la Clarence likaja kwa Tony, tundu lake limepanuliwa. Watu wanatafuta gitaa la tundu kubwa wakidhani sauti imo mle. Haimo.

PichaKwaPicha
Kupunguza kasi ya video kuna mpaka wake. Wimbo wa midundo 240 kwa dakika, nota mbili kila mdundo, ni nota 8 kwa sekunde. Video ya picha 30 kwa sekunde inaipa kila nota picha zisizofika 4. Ukiweka nusu kasi huongezi picha, unazirefusha tu, na piki inabaki ukungu. Tafuteni gwiji huyohuyo akipiga wimbo wa taratibu. YouTube kwenye kompyuta, simamisha video: kitufe cha nukta kinasogeza picha moja mbele, koma kinarudisha moja nyuma.

Pia angalieni kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) kabla ya kulalamika kwamba gitaa lenu haliendani na video. Kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya umbo la G na kapo freti ya 2 ni A. Kapo freti ya 4 ni B. Umbo la C na kapo freti ya 2 ni D. (Nasema kodi za gitaa, si za TRA.) Kapo ya penseli na mpira inafaa kuimbia tu. Shingo nyingi za gitaa la nyuzi za chuma zimebinuka kidogo, penseli imenyooka: nyuzi za kati zinabanwa sana, za pembeni zinakoroma.

Omutibo
Kwa waliozoea gumba na kidole cha shahada, kama Mwenda Jean Bosco wa Kongo au wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya: huku besi na melodi zote zinabebwa na ncha moja ya piki. Daraja zuri ni kuvuka nyuzi tatu. Shika kodi ya C, piga uzi wa 4-3-2, 4-3-2, 4-3 (uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko wote). Nota nane, mafungu ya tatu, tatu, mbili. Ukifuata chini-juu, msisitizo wa fungu la pili unaangukia pigo la kupanda, na hilo ndilo linalofifia kwa kila mtu. Lifanyieni kazi peke yake. Mkimwona anayepiga chini-chini-juu msishangae, hiyo ni njia ya mpiga gitaa George Shuffler.

NyuziSita
Na ule mkato wa G (kipande kifupi cha kufungia mstari) wa Lester Flatt, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluegrass: uzi wa 5 wazi, freti 1, freti 2, uzi wa 4 wazi, freti 2, uzi wa 3 wazi. Freti ya 2 kwenye uzi wa 5 usiipige kwa piki, igonge kwa kidole. Unakaa mwisho wa mstari, mwimbaji anapovuta pumzi. Ukiutia katikati ya maneno unamkera.

Mgeni_Kijijini
Piki ya milimita 0.5 inafaa?

MkonoWaKulia
Hapana mkuu. Inapinda, inachelewa kurudi, na pigo la kupanda linachelewa nayo. Tafuta ya milimita 1.2 hadi 1.5, iinamishe kidogo ili ukingo uteleze juu ya uzi. Nyuzi seti ya .013–.056 (unene kwa inchi) kama gitaa lina afya, .012–.053 kama daraja lake, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya boksi, limeshaanza kuinuka. Za nailoni waachieni wenye gitaa la klasiki.