Mrejesho: kufundisha darasa moja lenye mtoto mwenye uoni hafifu na mwenye usikivu hafifu

Ndugu walimu, niliuliza namna ya kumfundisha mtoto mwenye uoni hafifu na mwenzake mwenye usikivu hafifu pamoja na darasa zima, bila kumtenga yeyote. Ushauri wenu umefanya kazi, isipokuwa sehemu moja.

Kuwaweka mbele tu hakutoshi. Mwenye usikivu hafifu anayesoma midomo, yaani anayefuata maneno kwa kutazama midomo ya msemaji, anahitaji mwanga uangukie uso wa mwalimu. Ukisimama dirisha likiwa mgongoni mwako, uso unakuwa kivuli na haoni midomo yako. Kupaza sauti nako kunapotosha umbo la midomo. Sema kawaida, taratibu kidogo. Kosa kubwa zaidi ni kuongea huku unaandika ubaoni. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Mwanafunzi wa nyuma akijibu, rudia jibu lake.

Kwa mwenye uoni hafifu, soma kwa sauti kila unachoandika. Usiseme “hii ukijumlisha na ile”. Sema “saba jumlisha tano”. Karatasi zake ziwe na herufi za ukubwa wa pointi 18 au zaidi, wino mweusi, karatasi isiyong'aa. Karatasi ya plastiki inarudisha mwanga machoni.

Lililoshindikana ni kumpa kila mmoja mwanafunzi mwenzake awe msaidizi wa kudumu: anaishia kumfanyia mwenzake kazi. Badilisha jozi kila wiki, na msaidizi asome swali tu, kalamu ibaki kwa mwenyewe.

Asanteni sana, watoto hawa sasa wananyoosha mikono.