Sheria inasema "hatua zinazofaa" za usalama. Zinazofaa ndiyo zipi?

mwenye_duka: Wakuu, naomba ushauri. Tunauza viatu mtandaoni, tuko wanne, na sasa tunapata wateja wa nchi za Umoja wa Ulaya. Nimesoma GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, kifungu cha 32: linda taarifa za wateja kwa "hatua zinazofaa". Sasa zipi? Zetu zote zimo kwenye faili moja la Excel mtandaoni, majina, anwani, simu, hadi picha za vitambulisho. Tunaingia kwa akaunti moja, pasiwedi ile ile.

fundi_seva: Mkuu, kisome tena. Kimetaja kusimba taarifa (kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo), kuweza kuzirejesha mfumo ukianguka, na kupima ulinzi wako kila mara. Kiwango kimeachwa wazi makusudi, kinategemea hatari iliyopo na gharama, kwa hiyo muuza viatu hapimwi kama benki. Ila pasiwedi moja kwa watu wanne hakuna atakayekutetea. Kuna aliyewahi kuacha kazi hapo?

mwenye_duka: Yupo, miezi saba sasa. Pasiwedi hatukubadilisha 🙈

fundi_seva: Funga uzi huu, kabadilishe, ndiyo urudi.

bibi_sheria: Na vitambulisho mnaviweka vya nini?

mwenye_duka: Tulikuwa tunahakiki oda kubwa. Vikabaki tu.

bibi_sheria: Vifute, na kwenye nakala za akiba pia. Sheria hiyo hiyo inakutaka ubaki na unachokihitaji tu, na kisichokuwepo hakiibiwi.

msomaji_tu: Vipi California? Nasikia huko mteja anakushtaki mwenyewe.

bibi_sheria: Ni kweli, taarifa za aina fulani zikiibiwa bila kusimbwa kwa sababu ya uzembe wako. Lakini sheria yao, iliyoanza kutumika 2020, inalenga hasa kampuni zenye mapato makubwa au data ya watu wengi. Mleta mada ahangaike na ya Ulaya kwanza. Taarifa zikivuja na kuna hatari kwa wateja, ana saa 72, tangu ajue, za kuiarifu mamlaka ya kulinda data, wikendi zikiwemo.

mwenye_duka: Nimerudi. Pasiwedi nimebadilisha, uthibitishaji wa hatua mbili nimewasha. Lakini akaunti inaonyesha vifaa vinane. Vyetu tumehesabu sita. Hizo saa 72 zimeshaanza?

bibi_sheria: Zinaanza ukiwa na uhakika wa kutosha kwamba mgeni ameingia, na huruhusiwi kuvuta miguu kuchunguza. Andika saa hii mahali. Piga picha ya orodha ya vifaa kabla hujaviondoa, kisha njoo PM.